Programu Kongwe za Kusanifu Barabara na Ardhi: Kipi Kiachwe, Kipi Kiokolewe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bila malipo. Kwa watumiaji wengi jambo hilo lilimaanisha kubadili kompyuta tu. Kwa ofisi za uhandisi na upimaji zinazoendelea kutegemea Land Desktop, programu kongwe ya kusanifu barabara na ardhi, lilizua swali lililokuwa limeahirishwa kwa zaidi ya miaka 15. Windows 10 ndiyo ya mwisho kutengenezewa aina ya biti 32; Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Land Desktop, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2009, iliandikwa kwa biti 32, na kisakinishi chake huikataa mashine ya biti 64. Kompyuta kuukuu iliyokuwa imeibeba ikiharibika, hakuna kompyuta mpya ya dukani inayoweza kuipokea moja kwa moja.

Mkanganyiko uliopo unatokana na kuchanganya mambo manne. Wapo wanaoamini kwamba programu ikifa, michoro yake nayo imekufa. Wapo wanaodhani leseni waliyoilipia ni mali yao kama meza ya ofisini, kwamba wanaweza kuihamisha au kuiuza. Wengine wanaambiwa njia iliyobaki ni moja tu, kulipia programu mpya mwaka hadi mwaka. Na wengi huchukulia kwamba faili ikishafunguka katika programu mpya, kazi imehama salama. Kila moja ya imani hizi ina ukweli kidogo na kosa kubwa, na kosa la mwisho ndilo la gharama zaidi.

Zilikotoka

AutoCAD ilionyeshwa hadharani Marekani mwezi Novemba 1982, mwaka uleule mtengenezaji wake, Autodesk, alipoanzishwa. Ilijua kuchora mstari, duara na maandishi. Haikujua barabara ni nini, wala kiwanja, wala kontua. Pengo hilo likazibwa na kampuni ndogo zilizoandika nyongeza za kuendeshwa ndani ya AutoCAD. DCA ya Henniker, jimbo la New Hampshire, ambayo baadaye ilijiita Softdesk, ilikuwa mojawapo. Eagle Point ya Dubuque, Iowa, ilikuwa nyingine. Kule Maysville, Kentucky, Carlson ilianza kazi mwaka 1983. Uingereza ilikuwa tayari na MOSS, iliyozaliwa miaka ya 1970 ndani ya halmashauri za kaunti zilizotaka kusanifu barabara zao kwa kompyuta.

Mwaka 1997 Autodesk iliinunua Softdesk. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliingilia kati, kwa sababu Softdesk ilikuwa ikiandaa injini yake ya kuchorea ambayo ingeshindana na AutoCAD yenyewe. Sharti la kuruhusu ununuzi likawa injini hiyo, IntelliCAD, iondoke mikononi mwa Softdesk. Ilipita kwa kampuni ndogo, ikanunuliwa na Visio, na mwaka 1999 ikakabidhiwa muungano wa watengenezaji wanaoiendeleza pamoja mpaka sasa. Uamuzi huo wa miaka karibu 30 iliyopita ndio chanzo kimojawapo cha kuwapo, leo, kwa programu za bei nafuu zinazosoma na kuandika faili za DWG, muundo wa michoro ya AutoCAD. Msomaji aukumbuke, kwa sababu tutaurudia.

Nyongeza za Softdesk ziligeuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwa bidhaa moja, Land Development Desktop, kisha Land Desktop. Katikati ya miaka ya 2000 Autodesk ikatoa Civil 3D, iliyojengwa kwa misingi mingine kabisa. Kwa miaka kadhaa ziliuzwa sambamba, mpaka toleo la 2009 lilipohitimisha safari ya Land Desktop. Si Autodesk peke yake iliyopitia njia hii. Bentley, iliyokuja kuzimiliki InRoads, GEOPAK na MX, ambayo ndiyo MOSS kwa jina jipya, imezikusanya zote ndani ya OpenRoads. Sababu ni ileile: kutunza programu mbili au tatu zinazofanya kazi moja ni mzigo, na mtengenezaji huchagua ile anayoiona ina maisha mbele.

Tofauti iliyo ndani

Mtu anayetazama skrini huona mistari ileile katika Land Desktop na Civil 3D. Tofauti ipo mahali data inapokaa.

Land Desktop huweka data nje ya mchoro. Kila mradi una folda yake: nukta za upimaji zimo katika hifadhidata ya Access, uso wa ardhi katika folda nyingine, mistari ya katikati ya barabara katika nyingine. Mchoro wa DWG ni picha inayochorwa kutokana na hazina hiyo. Faida yake ni kwamba wachoraji watatu wanaweza kufanya kazi kwenye michoro mitatu huku wakichota nukta zilezile, na faili ya mchoro hubaki nyepesi. Tena kilichochorwa huwa mistari na maandishi ya kawaida, ambayo programu yoyote ya DWG huyaona.

Hasara yake ni kwamba hazina na picha havifuatani vyenyewe. Msanifu akiusogeza mstari wa katikati ili kuikwepa shule, profaili ya mwinuko na mikato ya upana hubaki ya njia ya zamani mpaka atoe amri ya kuvitengeneza upya, kimoja baada ya kingine. Akisahau hatua moja, karatasi zinatoka zikiwa safi na zenye uongo ndani yake. Mkandarasi hukuta mtaro umechorwa mahali ambapo barabara haipiti tena.

Civil 3D iliandikwa kuondoa hatari hiyo. Mstari, profaili, mikato na hesabu ya udongo vimefungamana ndani ya mchoro. Kimoja kikisogezwa, vingine hufuata. Hilo ni jambo kubwa, na anayelipuuza hajawahi kurudia mikato ya kilomita 40 kwa sababu mteja amebadili nia. Lakini kufungamana huko kuna bei yake. Faili hunenepa na kudai kompyuta yenye nguvu. Mitindo ya michoro inahitaji kuandaliwa kwa muda mrefu kabla ya karatasi ya kwanza kutoka kwa sura inayokubalika. Na vitu hivyo vyenye uhai haviwezi kurudi nyuma: mradi uliohifadhiwa kwa toleo jipya haufanyi kazi katika toleo la zamani, na asiye na programu hiyo huona maganda tu yasiyoharirika.

Wanaotaka kubaki

Hoja ya kwanza ya upande huu ni ya kiuchumi, na ni nzito. Ofisi inayogawa viwanja na kuchora barabara fupi za mitaa imelipa leseni mara moja, wafanyakazi wake wanaijua kazi, na jiometria haijabadilika. Civil 3D kwa bei ya kawaida ya Marekani inazidi dola 2,500 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ofisi ya wachoraji wanne ikikaa nayo miaka kumi imetumia zaidi ya dola 100,000, na siku ikiacha kulipa haibaki na chochote cha kufungulia kazi zake.

Hoja ya pili ni ya ustadi. Programu inayomlazimisha msanifu kutoa amri kila hatua humfanya ajue kila hatua. Mhandisi kijana aliyezoea kuona kila kitu kikijirekebisha anaweza kupitisha mteremko usiofaa kwa sababu kompyuta haikulalamika. Hoja hii ina ukweli, ingawa dawa yake ni ukaguzi mzuri. Kung'ang'ania programu ya 2009 hakumfundishi mtu kukagua.

Udhaifu wa upande huu uko kwenye leseni na mashine. Katika shauri la Vernor dhidi ya Autodesk, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba aliyenunua nakala za AutoCAD Release 14 zilizokwisha kutumika hakuwa na haki ya kuziuza tena eBay, kwa sababu mnunuzi wa awali alipewa ruhusa ya kutumia tu, hakuuziwa kitu. Uamuzi huo hauna nguvu ya kisheria nje ya Marekani, lakini maneno ya mikataba ya leseni husambazwa duniani kote. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 Autodesk imeacha kutoa namba za kuwashia leseni za matoleo ya 2010 na ya kabla yake. Maana yake kwa vitendo ni kwamba hata mwenye risiti halali, diski yake ikifa, hana uhakika wa kuiwasha programu kwenye mashine nyingine.

Wapo waliopata njia ya kati: kuihifadhi Windows XP nzima, pamoja na Land Desktop, ndani ya kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na mashine mpya. Kiufundi inawezekana, mradi mashine hiyo isiunganishwe na intaneti, maana XP haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 2014. Kama njia ya kufungua kumbukumbu za zamani ni busara. Kama njia ya kuzalisha kazi mpya ni kujenga juu ya mchanga, kwa kuwa kila mradi mpya unaoingizwa humo utahitaji kuokolewa siku moja.

Wanaotaka kuhama

Wanaohimiza kuhamia Civil 3D au OpenRoads wana hoja ambayo ofisi kubwa haiwezi kuikwepa: wateja na washirika wanadai. Mkandarasi anayeendesha greda zinazoongozwa na setilaiti anataka uso wa barabara uliokamilika, si karatasi. Mfadhili anataka modeli ambayo wahandisi wa madaraja na wa maji wataiunganisha na zao. Barabara kuu yenye makutano ya ngazi mbili haisanifiwi tena kwa kurudia amri moja moja, na mshauri anayejaribu kufanya hivyo atapitwa kwa muda na kwa usahihi.

Kinachofichwa mara nyingi katika mauzo ni gharama ya kuhama kwenyewe. Ada ya programu ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni miezi ambayo wachoraji wazoefu wanakuwa wapya tena, mitindo na jedwali za viwango vya nchi zinazohitaji kuandikwa, na miradi ya nyuma inayosubiri kugeuzwa. Tangu Februari 2016 Autodesk haiuzi tena leseni mpya ya kudumu ya Civil 3D, hivyo anayehama leo anaingia katika uhusiano usio na mwisho. Mfumo wa kulipa kila mwaka unaifaa ofisi yenye mapato ya mfululizo. Kwa ofisi inayopata kandarasi miezi minne na kukaa kimya mingine minane ni mzigo mkubwa.

Njia ya tatu

Hapa ndipo ule uamuzi wa 1997 unapozaa matunda. Carlson huuza programu zake za upimaji na usanifu wa ardhi zikiwa na injini ya IntelliCAD ndani yake, bila kuhitaji AutoCAD. BricsCAD, yenye injini yake yenyewe, nayo husoma na kuandika DWG, na ina zana za nyuso za ardhi na barabara. Zote mbili zimeendelea kuuzwa kwa leseni za kudumu. Kwa mtu aliyezoea Land Desktop, Carlson ina mvuto wa ziada: bado inaweka nukta na nyuso katika faili za nje ya mchoro, kwa mantiki inayofanana na aliyoizoea.

Udhaifu upo. Wakufunzi ni wachache, hasa nje ya Amerika Kaskazini. Vitu vyenye uhai vya Civil 3D haviwezi kuhaririwa humo kama nyumbani kwao. Programu huria nazo zimeanza kutajwa katika mjadala huu; QGIS inafaa sana kwa ramani na kwa kuunda nyuso kutokana na nukta, lakini haichukui nafasi ya programu ya kusanifu barabara.

Faili kufunguka si kazi kuhama

Hili ndilo jambo ambalo mjadala wa programu umelifunika, nalo ndilo lenye hatari ya kweli.

Land Desktop 2009 inaandika DWG ya muundo wa 2007. Programu zote za sasa huifungua bila shida, kwa hiyo watu hushusha pumzi. Lakini tumeona kwamba data haikai kwenye DWG. Anayenakili mchoro na kuiacha folda ya mradi amebeba picha na kuiacha hazina. Kontua zake sasa ni mistari tu.

Njia iliyozoeleka ya kuhamisha hazina ni LandXML, muundo ulioanza kuandaliwa mwaka 1999 na ambao toleo lake la 1.2 ni la mwaka 2008. Unabeba nukta, nyuso, mistari ya katikati, profaili, viwanja na mabomba. Haubebi nia ya msanifu, yaani kanuni zinazosema tuta lipande vipi na mtaro uanzie wapi. Na hata kile unachobeba kinaweza kupotoka kama mhamishaji hakuwa makini.

Tuchukue uso wa ardhi. Kompyuta huujenga kwa pembetatu zinazounganisha nukta. Chukua mraba wa mita 20 kwa 20, pembe mbili zinazokabiliana zikiwa kwenye kimo cha mita 102 na nyingine mbili kwenye mita 100. Mraba huo unaweza kugawanywa kwa ulalo mmoja au mwingine. Ulalo ukipita kwenye pembe za juu, katikati ya mraba ni kilima cha mita 102. Ukipita kwenye pembe za chini, ni bonde la mita 100. Hesabu ya udongo ulio juu ya kimo cha 100 katika hali ya kwanza ni takriban mita za ujazo 533. Katika ya pili ni 267. Nukta ni zilezile nne. Kilichobadilika ni mstari mmoja.

Mpima aliyekuwa uwandani alijua kama pale pana kilima au bonde, na ndiyo sababu alichora mstari wa kulazimisha ukingo. Anayehamisha nukta tupu na kuiachia programu mpya ijenge pembetatu zake amefuta ujuzi huo. Katika mraba mmoja tofauti ni mita za ujazo 267. Katika barabara yenye kingo, mitaro na matuta kwa kilomita kadhaa, inaweza kuwa tofauti kati ya mkandarasi kulipwa haki yake na mgogoro wa kwenda kwa msuluhishi. Nyuso zihamishwe pamoja na pembetatu zake, na ujazo ukokotolewe katika programu zote mbili na kulinganishwa kabla ya kusema kazi imehama.

Vipimo navyo vina mitego. Marekani ilitumia futi mbili kwa miongo mingi, ya upimaji na ya kimataifa, zinazotofautiana kwa sehemu mbili katika milioni. Ile ya upimaji iliondolewa rasmi mwishoni mwa 2022. Tofauti ni ndogo mno kuonekana kwenye kiwanja, lakini nukta iliyo futi 2,000,000 kutoka asili ya gridi inahama futi nne faili ikisomwa kwa futi isiyo yake.

Kwa Tanzania na Kenya mtego mkubwa ni marejeo ya kijiodesia. Ramani na michoro mingi ya zamani imo katika Arc 1960, wakati vipokezi vya setilaiti huanzia kwenye WGS84, na Tanzania imekuwa na fremu yake mpya, TAREF11. Kati ya Arc 1960 na WGS84 nukta hupishana kwa takriban mita 300. Kosa la ukubwa huo kwa kawaida huonekana mara moja. La hatari zaidi ni pale mtu anapolisahihisha kwa kukadiria, akisogeza mchoro mzima mpaka uangukie juu ya picha ya setilaiti, na kuacha bikoni za mipaka zikiwa nje kwa mita moja au mbili ambazo hakuna atakayeziona mpaka jirani aanze kujenga ukuta.

Mizani

Nikiweka hoja zote pamoja, uchaguzi wa programu unategemea aina ya kazi, na hakuna jibu moja. Mshauri wa barabara kuu na miradi ya wafadhili ahamie Civil 3D au OpenRoads na kuingiza ada yake kwenye bei ya kandarasi bila kuona haya. Ofisi ndogo ya upimaji na ugawaji wa viwanja itahudumiwa vizuri zaidi na programu ya DWG yenye leseni ya kudumu, na isikubali kutishwa kwamba imebaki nyuma. Kuendelea kuzalisha kazi mpya kwa Land Desktop sikuungi mkono kwa ofisi yoyote, kubwa au ndogo. Iliwahudumia watu vizuri, lakini kazi inayoingia humo leo haina mlango wa uhakika wa kutokea. Ihifadhiwe mahali pamoja, ikiwa inafunguka, kwa kazi moja tu ya kutoa miradi ya nyuma.

Uhifadhi wa data hauna mjadala wa namna hiyo. Barabara husanifiwa itumike miaka 20 au zaidi, na mpaka wa kiwanja hurithiwa na wajukuu. Hakuna programu iliyotajwa humu ambayo mtengenezaji wake ameahidi muda huo. Kila mradi unaokamilika utolewe, siku hiyohiyo, katika nakala zisizomtegemea mtengenezaji yeyote: nukta katika faili ya maandishi, nyuso na mistari katika LandXML pamoja na pembetatu zake, karatasi za mwisho katika PDF, na waraka mfupi unaotaja vipimo, marejeo ya kijiodesia na ujazo uliokokotolewa. IFC 4.3, kiwango cha kimataifa kilichotolewa kama ISO 16739-1 mwaka 2024, kimeingiza barabara na reli, na ofisi zenye uwezo zianze kukijaribu sasa. Ila faili ya maandishi yenye nukta inasomeka leo kama ilivyosomeka mwaka 1982, na gharama yake ni dakika chache.

Lawama kubwa ya hali iliyopo siitupi kwa wachoraji. Mteja, na hasa mteja wa umma, amekuwa akipokea makabrasha ya karatasi na diski ya DWG, akasaini, akalipa. Wakala wa barabara, halmashauri na mamlaka za maji wanaoandika mikataba mwaka huu waongeze kifungu kimoja: malipo ya mwisho hayatoki mpaka data ghafi, nyuso na waraka wa marejeo vikabidhiwe katika miundo iliyo wazi, na mtu wa mteja avifungue kwa programu tofauti na iliyotumika kuvitengeneza.